Uzi wa Nne wa Dada Nusu

Ndugu na jamaa, majirani, wapiga muziki wa zamani na wa sasa, nanyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, mimi ni mdogo wake marehemu, wa pili na wa mwisho kwa mama yetu, karani wa mahakama mstaafu, na familia imenipa jukumu la kusoma maisha ya dada yangu kabla hatujamtoa hapa ukumbini. Kamati ya mazishi ilinipa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa upole, mistari ishirini na miwili, nami nimeukunja nikautia mkobani, kwa sababu miaka thelathini na moja nimeandika maneno ya watu wakishtakiana, na najua jinsi maelezo yaliyopunguzwa yanavyofanana na uongo. Nitakayosoma ni yale aliyonitamkia mwenyewe akiwa kitandani, nikaongeza niliyoyaona kwa macho yangu. Ni marefu kidogo, mnisamehe, ufupi wote wa familia hii aliuchukua yeye.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, saa nne asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kamba, baba yetu akiwa fundi saa na mama yetu msokotaji wa kamba katika kiwanda hicho hicho. Alizaliwa akiwa na kilo mbili kasoro, mkunga akamwambia baba asiharakishe kununua kitanda cha mtoto, na dada alipenda kusema kwamba huyo ndiye mtu wa kwanza kumdharau, na kwamba alihudhuria mazishi yake akiwa amevaa viatu vipya. Hakurefuka sana baadaye, alikomea futi nne na inchi kumi, na vidole vyake vilikuwa vifupi, vinene kidogo, vyenye nguvu za ajabu. Mama alitufundisha jambo moja la kiwandani ambalo naomba mlishike, maana nitalirudia: kamba iliyosokotwa haikatwi ikiwa huru, inafungwa kwanza karibu na pale utakapokata, ndipo kisu kinapita, la sivyo nyuzi zake zinaachana na kamba nzima inalegea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1960 hadi Desemba 1966, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi Novemba 1970, akafaulu hesabu na muziki, akashindwa kabisa kunyamaza darasani. Tarehe 3 Februari 1968 mwalimu wa muziki alimfungulia stoo iliyokuwa chini ya ngazi, akamwonyesha gitaa la besi ambalo halikuwa na mwenyewe, lililoagizwa kwa makosa, kwani uzi wake kutoka juu hadi chini ulikuwa inchi thelathini tu, wakati besi ya kawaida ni inchi thelathini na nne. Wasichana warefu walikuwa wameliita gitaa la mdoli. Dada alilipakata, akanyoosha mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza maishani kitu cha dunia hii kikawa kimeshonwa kwa kipimo chake, akafika noti ya chini kabisa bila kuinama wala kuomba kiti. Siku alipomaliza shule mwalimu alimkabidhi gitaa hilo kwa barua yenye muhuri, barua ninayo, na jina la Nusu, ambalo wenzake walimpa kwa kumcheka, alilichukua akalitumia mpaka juzi.

Wengi wenu mmemsikia akipiga lakini hamjawahi kuelezwa alichokuwa akikifanya, kwa hiyo nitaeleza kama alivyonieleza. Besi fupi ina nyuzi zilizolegea kidogo kuliko besi ndefu, sauti yake ni nene na ya mviringo, inaingia tumboni kabla ya kufika sikioni, na mtu anayeikamata kwa mabavu anaipotosha, noti inayumba kama mlevi. "Hii haipigwi," alikuwa akisema, "hii inabembelezwa, na wanaume wengi hawajui kubembeleza kitu kifupi." Mtanisamehe wazee, nimesema nitasoma neno kwa neno.

Aliajiriwa katika kiwanda cha kamba tarehe 4 Januari 1971, idara ya vipimo, akafanya kazi hapo miaka thelathini na saba bila kukosa hata zamu moja isipokuwa za uzazi. Mwaka 1974, tarehe 20 Julai, alianza kupiga na bendi iliyokuwa ikifanya mazoezi katika ghala la viti lililo ng'ambo ya barabara, na ilitokea hivi, mpiga besi wao alipata matubwitubwi, mashavu yakavimba asiweze hata kufunga kola, na kiongozi wa bendi akakumbuka kwamba kuna binti wa kiwandani anayebeba gitaa begani kama anabeba mtoto. Wiki tatu zilitosha. Mashavu yalipopona, kiongozi hakutaka kumwachia dada, wala hakutaka kumwondoa yule mwingine, kwa kuwa yule alikuwa na urefu wa futi sita na inchi tatu, alipendeza jukwaani na besi yake ndefu, watu walilipa kiingilio wamwone tu akiinama kwenye mlango. Ikaamuliwa mrefu apige jukwaani, mfupi apige mazoezini na studio. Huyo mrefu mnamjua, tulimwita Twiga, na ameketi safu ya pili, kiti cha tatu kutoka dirishani, suti ya kijivu.

Nafika sasa Alhamisi, tarehe 9 Juni 1977, na hapa naomba utulivu. Asubuhi ya siku hiyo, bendi ikiwa imepangiwa saa tatu tu za kurekodi, uzi wa nne wa gitaa la dada, ule mnene kuliko yote, ulikatika akiwa nyumbani. Duka lilikuwa na nyuzi za besi ndefu peke yake, akanunua mmoja, maana uzi mrefu unaweza kuvishwa gitaa fupi ukipunguzwa. Uzi wa besi ni kamba ndogo ya chuma, una waya wa ndani na waya mwingine uliozungushwa juu yake, na kanuni yake ni ile ile ya mama yetu, unaukunja kwanza pale unapoingia kwenye kigingi cha kukazia, kona ile inashika waya wa juu usifumuke, ndipo unakata mbele ya kona. Ukikata ukiwa umenyooka, uzi unakufa. Unabaki na umbo la uzi, lakini hautoi mrindimo tena, unatoa mlio mkavu, kama mtu anayegonga ubao kwa kifundo cha kidole.

Dada alikuwa ameitwa ndani kupima sauti na waimbaji, akampa Twiga gitaa na uzi pale kwenye benchi la ukumbi wa studio, akamwambia, nami nasikia, "Kaka, nivishie huu, ukunje kwanza ndipo ukate." Twiga akajibu, "Nimeanza kuvisha nyuzi wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeketi kwenye benchi hilo hilo nimeshika mkoba wa dada, na yeye akanigeukia akaniomba koleo. Nikampa. Koleo nilimpa mimi. Niliona akiunyoosha uzi kati ya mikono miwili, ukiwa hauna kona hata moja, akatazama mlango wa studio, akatabasamu, akakata. Nilijua kitu hakiko sawa, mimi pia nilikuwa binti wa msokotaji wa kamba, lakini alikuwa mkubwa wangu, nikanyamaza. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, basi kimya changu leo ndiyo siku yake.

Dada aliporudi akapiga uzi ule, ukasema du, si duuum, akapiga tena, du. Hapakuwa na uzi wa pili, muda ulikuwa unakwenda, na kiongozi alikuwa ameanza kumtazama Twiga aliyesimama ukutani na besi yake ndefu ikiwa tayari imeshakazwa, imesafishwa, inang'aa, siku ambayo hakuitwa kupiga. Sikilizeni alichofanya huyu aliyelala hapa mbele yenu. Hakulia, hakugomba, aliomba dakika kumi, akakaa chini sakafuni na gitaa lake, akautafuta ule ufu wa uzi mpaka akajua unaishi wapi, akabadilisha mpango mzima wa wimbo, kila mwanzo wa mstari akagonga uzi mfu mara mbili, du, du, kama mgeni mlangoni, kisha akaachia uzi wa tatu uimbe. Wimbo wenyewe ulikuwa unamhusu mtu anayerudi nyumbani asifunguliwe. Ulikuwa na jina jingine la hovyo, na ni kwa sababu ya mgongo huo wa besi ndipo ulipoitwa "Hodi ya Pili," na hakuna mtu wa umri wangu hapa ukumbini ambaye hajawahi kuoa, kuachwa au kufua nguo wimbo huo ukiwa unalia pembeni.

Santuri ilipotoka tarehe 2 Septemba 1977, jalada lilikuwa na picha ya wanaume saba, Twiga akiwa katikati amekumbatia besi ndefu, na dada aliambiwa kwamba siku ya picha ujumbe haukumfikia, ingawa nyumba yetu na ghala la mazoezi vilitenganishwa na barabara moja. Twiga akaanza kuulizwa siri ya mlio ule, naye, ambaye hakuwa na siri yoyote isipokuwa ile ya benchi, akajibu kwamba aliweka leso chini ya nyuzi. Wapiga besi wa watu, maskini, wakanunua leso. Tarehe 11 Mei 1982 dada alivaa gauni lake la kijani, akabeba gitaa lake, akaenda redioni kwa mwaliko wa mtangazaji mmoja aliyesikia minong'ono, akamkuta Twiga tayari ameketi kwenye maikrofoni, na Twiga akasema hewani, nchi nzima inasikia, "Huyu dada namkumbuka, alikuwa akituletea chai, na hilo gitaa lilikuwa la kuchezea watoto." Mtangazaji akacheka. Dada alirudi nyumbani kwa miguu, akalitundika gitaa ukutani, na kwa miezi tisa hatukumsikia akipiga hata noti moja. Mama yetu alikufa ndani ya miezi hiyo tisa, tarehe 30 Novemba 1982, bila kusikia tena mkono wa mwanawe. Hilo mimi sijalisamehe, sioni haya kulisema mbele ya jeneza, na yeyote anayeona napaswa kuona haya aje anieleze baada ya mazishi, nitakuwepo.

Marehemu alikuwa amefunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1979, na fundi mitambo wa studio ile ile, mtu mpole aliyemwona kwa mara ya kwanza kupitia kioo siku ya "Hodi ya Pili," akiwa amekaa sakafuni anazungumza na uzi mfu. Shemeji yangu alitaka kuandika barua gazetini baada ya yale ya redioni, dada akamkataza, akamwambia, "Utapoteza kazi, nami nitabaki mleta chai mwenye mume asiye na kazi." Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 6 Oktoba 1980, ambaye ni fundi umeme, na wa pili kijana, aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1984, ambaye ni mpishi wa hoteli, na wajukuu watano, wote wafupi, tunashukuru. Mume wake alitangulia tarehe 17 Julai 2009.

Kilichomfanya alishushe gitaa kutoka ukutani ni binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka miwili na miezi minne, aliyesimama chini yake akanyoosha mikono akadhani ni lake. Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Machi 1991, mchana baada ya zamu, dada alianza kufundisha besi fupi katika chumba cha nyuma cha ukumbi huu huu tuliomo, mlango wa pili mkono wa kushoto, wenye rangi iliyobanduka, akiwapokea wasichana na wavulana, na watu wazima ambao walimu wengine waliwaambia kwamba vidole vyao havitoshi. Alifundisha watu mia moja na kumi na wawili, nimehesabu kwenye madaftari yake. Somo la kwanza halikuwa noti wala mdundo, lilikuwa kuvisha uzi, na kila mmoja alisema kwa sauti kabla hajashika koleo, "Nakunja, ndipo nakata." Wengi wao wako humu. Nawaona.

Marehemu alianza kuugua Juni 2022, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, ikagundulika kwamba moyo umechoka, akatibiwa akitokea nyumbani mpaka tarehe 19 Januari 2024 alipolazwa wodi namba nane, kitanda cha karibu na beseni. Akiwa hapo ilimfikia barua kutoka kwa Twiga, ya kumtakia nafuu, na chini yake maneno kwamba endapo Mungu atapenda vingine, yeye kama mpiga besi wa "Hodi ya Pili" angeona fahari kuupiga wimbo huo siku ya kumuaga mama aliyeitumikia bendi kwa moyo. Aliyeitumikia. Nilitaka kuichana, dada akaniomba niisome mara ya pili, akafumba macho, nikadhani amelala, kumbe anacheka. Akaniambia, "Mwambie nimekubali, ila apige kwa gitaa langu." Nikamwambia, dada, mimi siku hiyo nitamtukana mtu huyu mpaka udongo usikie. Akasema, "Usimtukane. Mpe uzi."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nane na dakika ishirini mchana, akiwa na umri wa miaka sabini, miezi kumi na siku ishirini na tatu, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya mkono wangu, vidole bado vikibonyeza.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari wa moyo na wauguzi wa wodi namba nane, waliomruhusu kukaa na gitaa kitandani kinyume cha kanuni, wakalipita kwa uangalifu kila walipobadilisha shuka, nawashukuru majirani waliopika, wakalaza wageni na kuazima viti, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha kamba, waliosokota kwa mikono yao kamba tutakazotumia kumshusha leo, ambazo ncha zake, nimezikagua, zimefungwa kabla ya kukatwa. Nawashukuru wanafunzi wake. Na namshukuru Kaka Twiga, aliyefika mapema kuliko sisi, akakubali mbele ya kamati, wajumbe sita wakishuhudia, kupiga kwa gitaa la marehemu.

Kaka Twiga, gitaa liko kwenye kiti hapo mbele, karibu na kichwa cha marehemu. Lina nyuzi tatu. Uzi wa nne uko ndani ya bahasha, ni mpya, ni wa besi ndefu, duka halikuwa na mwingine, na mezani kuna koleo ambalo utalikumbuka, kwa kuwa ndilo lile lile. Ndani ya kopo la vifungo, pembeni, tumeweka ule uzi wa mwaka 1977, dada aliutunza, waya wake wa juu umelegea kama soksi kuukuu, mwenye kutaka kuutazama autazame. Kwa hiyo inuka, ndugu yetu, uvishe uzi huu mbele ya wanafunzi wake waliofundishwa namna ya kuuvisha. Ukiukunja kwanza, tutajua kwamba siku ile ulijua, na kwamba uliuua uzi wake kwa kusudi. Ukiukata kwanza, tutajua kwamba hukuwahi kuwa mpiga besi, na uzi utakufa mkononi mwako, na safari hii hayupo wa kukaa sakafuni akufufulie. Ukibaki umeketi, nalo pia ni jibu, mahakamani tuliliandika hivyo hivyo, na mimi mwandiko wangu bado ni mzuri.

Mimi ndiye niliyekupa koleo mara ya kwanza, na mimi ndiye ninayekupa sasa, na kwa hilo namwomba dada yangu anisamehe kimya changu cha miaka arobaini na sita.

Dada Nusu, mpiga besi wa "Hodi ya Pili," wewe pumzika kwa amani. Sisi tunautazama mkono wa Kaka Twiga.